Kujifunza Kifaransa sisi wenyewe, nyumbani



Leo tunaongea juu ya lugha. Wengi wetu tuliishi Uganda miaka mingi, Kyangwali, Kyaka II ao Nakivale, na watoto wetu walisoma kule kwa Kiingereza. Tumerudi Beni na Butembo. Nyumbani tunaongea Kinande, sokoni Kiswahili, hakuna shida. Shida inaanza siku ya karatasi. Katiba ya 2006 inasema Kifaransa njo lugha rasmi. Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba ni lugha za taifa. Basi karatasi ya pointi za mtoto, karatasi ya dawa ya lopitali, mkataba wa nyumba, mwito wa tribinali, vyote vinakuja kwa Kifaransa. Tunapotembelea familia tunakuta watu wazima, wenye akili na masomo yao, wanatia sinyatiri chini ya maneno wasiyoyaelewa. Kwa mstari mmoja tu mtu anaweza kupoteza shamba.

Ndugu zetu waliochukuliwa kutoka kambi za Uganda wakapelekwa Norwei, kule serikali inawapangia masomo ya Kinorwei. Sisi tuliorudi itatupasa tuwe walimu wetu wenyewe. Inawezekana. Njia ni hizi.

Ya kwanza: anza na yale unayojua. Lopitali, biro, buji, kaye, avoka, kartiye: hayo yote yametoka kwa Kifaransa, na uko nayo mdomoni tangu utoto. Aliyesoma Kiingereza anaongeza mengine: "information", "situation", "population" yanaandikwa sawasawa, sauti tu inabadilika. Ila tuwe macho. "Location" kwa Kiingereza ni mahali. Kwa Kifaransa ni kupangisha. Na "librairie" ni duka la vitabu, hawaazimishi pale.

Ya pili: shika jina pamoja na "le" ao "la" yake. Kiswahili kinatufanya tuseme kiti hiki, mti huu, nyumba hii, na hatufikiri hata kidogo. Ngeli zetu ni nyingi. Kifaransa kiko na mbili tu. Lakini mara nyingi neno lenyewe halikuonyeshi liko upande gani. Kwa hiyo usiandike "clé" peke yake, andika "la clé". Usiandike "pont", andika "le pont".

Ya tatu, na njo kubwa kuliko zote: jiulize, usisome-some tu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walijaribu wanafunzi. Wengine walisoma maandishi na kuyarudilia. Wengine walisoma, wakafunga, wakajaribu kukumbuka. Kisha juma moja, waliojijaribu walikumbuka 56 kwa 100, waliorudilia kusoma 42. Sisi tufanye hivi: kata karatasi ya kaye vipande vidogo, upande mmoja Kiswahili, upande mwingine Kifaransa. Tafuta mikebe mitatu. Mkebe wa kwanza unaulizwa kila siku, wa pili kila siku tatu, wa tatu mara moja kwa juma. Ukijibu vizuri, kipande kinasonga mbele; ukikosa, kinarudi mkebe wa kwanza. Sebastian Leitner alieleza njia hii miaka ya 1970, na haidai umeme wala intaneti. Mtoto ashike vipande, mzazi ajibu. Hapo hakuna haya, na mtoto naye anajifunza.

Ya ine: masikio. Kifaransa hakisomwi jinsi kinavyoandikwa. "Ils parlent" ukiisikia, mwisho wake wote umemezwa. Radio Okapi inatangaza kwa lugha tano tangu 2002. Sikiliza habari kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kifaransa. Kwa sababu habari unaijua tayari, sikio linakamata maneno. Kuna pia "Journal en français facile" ya RFI, dakika kumi tu, na mwenye telefone anaweza kupata maandishi yake kwa intaneti akafuata kwa macho.

Ya tano: soma karatasi za maisha yako. Chukua ile ya shule ao ya nyumba, toa maneno matano kwa siku, uyatie mkebeni. Anza na haya matatu: "lu et approuvé". Mara nyingi wanakuomba uyaandike juu ya sinyatiri yako. Maana yake ni "nimesoma na nimekubali". Kama haujasoma, usiyaandike. Omba siku mbili, urudi nayo nyumbani.

Dakika 20 kila jioni zinapita masaa matatu ya siku ya Mungu peke yake. Anayetoka shambani amechoka, afanye kumi. La maana ni kesho arudi tena.

Kwa wafadhili wetu: hatuombi jengo. Kaye, biki, na radiyo ndogo ya jua kwa kila kikundi cha familia kumi, hiyo inatosha kuanza. Na kwa wanachama: mkutano ujao kila mtu alete karatasi moja iliyomshinda. Tutaifungua pamoja, mstari kwa mstari.