Vyama vya Ufundi Katika Shule: Fedha Itoke Wapi?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wenyeji wa Kasenga, Uvira)



Nimetakiwa niseme juu ya shule. Habari ya mishahara ya walimu mnaijua, siirudii. Nataka kusema juu ya jambo ambalo halina mwenyewe, nalo ni vyama vya wanafunzi wanaojifunza kazi.

Katika shule zetu za sekondari yapo masomo ya mashini, umeme, biashara na ushoni. Lakini mara nyingi mtoto hujifunza umeme kwa chaki na ubao, akapata diploma, na waya hajaushika. Chama cha ufundi ndicho kinachoziba pengo hilo. Wanafunzi huchagua mwenyekiti wao na mweka fedha wao. Hununua mbao, hutengeneza viti, huuza, na kila franka huandikwa. Jumamosi huenda Kalundu kumtazama fundi anayefungua mashini ya mtumbwi. Mimi ni karani, kazi yangu ni vitabu vya hesabu. Kijana aliyepata kutunza daftari la fedha ya wenzake, hata miezi 6 tu, nitamtambua siku yake ya kwanza ofisini.

Sasa, nani analipa? Analipa mzazi. Katiba ya 2006 ilisema shule ya msingi iwe bure, na jambo hilo lilianza kutendeka mwaka 2019. Sekondari haimo. Basi chama kikitaka nyundo na misumari, mkono unanyoshwa kwa mama auzaye ndagaa. Mtoto asiye na kitu hukaa nje akiwatazama wenziwe.

Wengine wamefanya namna nyingine. Marekani walitunga sheria mwaka 1917 ya kutoa fedha ya serikali kwa mafunzo ya kazi mashuleni, na mwaka 1928 kikaundwa chama cha wanafunzi wa kilimo, FFA. Sheria yao ya 1984, iliyofanywa upya mwaka 2018, yaruhusu fedha ya ufundi itumike kwa vyama vya namna hiyo. (Lakini tusiwasifu kupita kiasi: watoto weusi wa majimbo ya kusini walikuwa na chama chao mbali, kwa sababu ya ubaguzi, mpaka mwaka 1965.) Jirani zetu wa Kenya walikuwa na vyama vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vililegea, na mwaka 2021 serikali yao ikavifufua.

Mzee mmoja aliniuliza jana: fedha ya serikali ikiingia katika chama cha watoto, serikali nayo haitaingia? Ameuliza vema, maana sisi tumeyaona. Chama cha wanafunzi wa Kongo, UGEC, kilivunjwa mwaka 1968, na vijana wote wakatiwa katika JMPR ya Mobutu. Fedha ya watu ikaenda katika ngoma na nyimbo za kumsifu mtu mmoja. Kwa hiyo nasema wazi, na viongozi wetu wanisikie: fedha hii isipitie mkononi mwa chama chochote cha siasa, hata hiki chetu. Ipelekwe shuleni, hesabu ibandikwe ukutani, na wazazi waisome.

Fedha iko. Tangu mwaka 1964 kuna INPP, na kila tajiri wa kazi anailipia sehemu ya mishahara anayotoa. Sisi makarani ndio tunaoihesabu. INPP hufundisha wafanya kazi na vijana wanaotafuta kazi. Kuwapa wanafunzi wa ufundi siku mbili kwa mwezi katika karakana zake si mzigo mkubwa.

Tena iko kodi ya madini. Sheria ya migodi ya 2018 imegawa: sehemu 50 katika 100 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta au sheferi palipochimbwa, 10 akiba ya vizazi vijavyo. Hapa msidanganywe na mtu: zile 15 si za Kasenga. Ni za watu wa Mwenga na Fizi ambao ardhi yao inatobolewa, na ni haki yao. Mlango wetu ni zile 25 za jimbo. Nazo si nyingi kama mnavyodhani, kwani dhahabu nyingi ya Kivu ya Kusini huchimbwa kwa mikono na kuvuka mpaka bila kuandikwa popote. Kila gramu inayovuka hivyo ni nyundo iliyotoka shuleni.

Wako watakaosema: mwalimu ana njaa, na wewe wataka misumari? Najibu kwamba mshahara wa mwalimu ni deni la serikali kuu, tutaendelea kulidai Kinshasa. Hii tunaidai kwa jimbo. Mdai wa madeni mawili haachi moja kwa ajili ya lingine.

Barua kwa wajumbe wa jimbo iko hapa mezani. Inaomba mambo mawili: fungu la vyama vya ufundi liandikwe kwa jina lake katika bajeti ya jimbo, na shule itakayopokea ionyeshe hesabu kila muhula. Wazazi watie sahihi kwanza, kisha walimu. Asiyejua kuandika aweke kidole, wino upo.