Mgeni Mpe Jembe: Jinsi Makanisa Yawezavyo Kusaidia Misheni ya Ng'ambo



Katika siku hizi za yubilee twawakumbuka waliotuletea Habari Njema. Tumeombwa kusema juu ya neno moja: kanisa lililo mbali lawezaje kusaidia misheni, nasi yatupasa kuupokeaje msaada huo? Twajibu kwa methali ya wazee: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii haimfukuzi mgeni, bali yamfanya mtu wa nyumbani.

Misheni ya Vyuo Vikuu ilifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, na mwaka 1868 kazi ikaanza Magila, katika nchi ya Wabondei. Watu wa mitaa ya Uingereza waliitegemeza kwa njia nyingi. Wengine waliiombea daima. Akina mama walishona nguo za watoto wa shule. Mitaa mingine ilichukua gharama ya mtoto mmoja, chakula chake na masomo yake. Nao waliokuja wenyewe hawakupewa mshahara, ila makao, chakula, na fedha kidogo ya matumizi. Wengi wao walikufa kwa homa.

Lakini tazameni jembe la kwanza waliloshika: walijifunza lugha. Steere alitoa kitabu cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, kabla hajawekwa kuwa Askofu. Woodward naye alitoa kitabu cha lugha ya Kibondei mwaka 1882. Maana yake ni kwamba waliketi mbele ya wenyeji, wakauliza, wakasahihishwa kama watoto wa shule. Atakaye kufundisha na akubali kwanza kufundishwa.

Jembe la pili ni kuwaachia wenyeji kazi. Vita ilipoanza mwaka 1914, Wadachi waliwaweka kizuizini wamisionari Waingereza. Je, kanisa lilikufa? Halikufa. Mapadre na walimu Waafrika walishika ibada na mafundisho, ijapokuwa wengi wao nao walitiwa kifungoni. Kama wageni wangalifanya kila kazi kwa mikono yao wenyewe, nani angaliwasomea wagonjwa sala, na nani angaliwabatiza watoto?

Basi ndugu wa ng'ambo twawaambia hivi kwa upendo. Ulizeni kwanza, kisha mlete. Sanduku la makoti mazito halimfai mtu wa Pangani, wala mashine isiyo na vipuri haimponyi mgonjwa. Ajaye kwa majuma machache na aje kujifunza na kusaidia; ajaye kwa miaka na awe na mwenyeji wa kumrithisha kazi. Mfano mwema tunao Muheza. Hospitali Teule, iliyotokana na kazi ya misheni ya Magila, ilipata rafiki katika watu wa dayosisi ya Hereford huko Uingereza. Walichanga fedha, na madaktari na wauguzi wakaja kufanya kazi bega kwa bega na watu wetu. Urafiki wa namna hiyo una faida kuliko zawadi kubwa itolewayo mara moja, kisha mtoaji akasahau.

Nasi je? Je, tu watu wa kupokea tu? Kanisa la Antiokia lilipokea Injili kutoka Yerusalemu. Lakini njaa ilipoingia Uyahudi, Antiokia ndiyo iliyopeleka msaada. Na hapa kwetu, Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa akakombolewa, alitoka Unguja mwaka 1886, akaenda kufanya kazi Chitangali, upande wa Ruvuma. Mwaka 1890 akawa padre wa kwanza Mwafrika wa misheni ile. Kwake yeye Ruvuma ilikuwa ng'ambo. Hakungoja mpaka nchi yake itajirike ndipo atumwe. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Kwa hiyo twauomba kila mtaa mambo manne. Kwanza, fedha ya wahisani iandikwe katika daftari, nayo isomwe mbele ya Wakristo wote, ili pasiwe na manung'uniko. Pili, barua za shukrani ziandikwe kwa kweli, zikitaja yaliyofanikiwa na yaliyoshindikana. Kwa maana rafiki anayedanganywa hawezi kusaidia. Tatu, kila mgeni ajaye kufanya kazi apewe kijana wetu mmoja wa kufuatana naye, ili ujuzi usiondoke pamoja na mgeni. Nne, mara moja kwa mwaka sadaka ya Jumapili moja ipelekwe kwa mtaa mwingine ulio na shida kuliko wetu, ijapokuwa ni debe la mahindi au mkungu wa ndizi.

Siku itakapokuja ambayo wageni watapungua, au hawatakuja kabisa, na ikute majembe yote yako mikononi mwetu, na shamba limekwisha kulimwa.

Mungu na awabariki waliopanda, na sisi tuliopewa kupalilia. Amina.