Sangara Afa, Kamongo Apumua

Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, sangara wengi walionekana wakielea wamekufa Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Uvumi wa sumu ukaenea. Maofisa wa serikali walipopima maji wakataja upungufu wa oksijeni: dhoruba zilikuwa zimelivuruga ziwa na kupandisha juu maji ya chini, yasiyo na hewa ya kutosha.

Mfunue sangara shavu pale sokoni. Ndani kuna matamvua mekundu, nyuzi laini zilizojaa damu, na maji hupita humo kila anapofungua mdomo. Ni kiungo hodari, lakini maji hubeba oksijeni kidogo mno kuliko hewa, na sangara hana njia nyingine. Kambare anayo: juu ya matamvua ana kiungo chenye matawi cha kuvutia hewa. Kamongo ana mapafu kabisa; akizuiwa kupanda juu, hufa maji, samaki mzima!

Kwa hiyo, wakielea sangara huku kambare akiogelea, mimi ningedai kipimo cha oksijeni kabla ya kumshuku mvuvi yeyote kuwa ametia sumu.