Kompyuta Yako Bado Nzima

Msikilizaji, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga rasmi huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, hivyo kompyuta nyingi zinazofanya kazi vizuri kabisa zimekataliwa. Huo ni uharibifu, nasema wazi. Watumiaji wengine wamechoka kudaiwa na Windows 11 akaunti ya mtandaoni ndipo waitumie mashine waliyoinunua wenyewe. Basi wanahamia Linux, mfumo endeshi usiolipiwa. Huko Ujerumani, jimbo la Schleswig-Holstein lilitangaza mwaka 2024 kuhamishia Linux kompyuta 30,000 hivi za serikali. Ukitaka kuhama, kwanza nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, kisha ijaribu Linux Mint kutoka kwenye flashi, bila kufuta chochote kwenye kompyuta.