Mihimili ya Dola Siku ya Khitilafu



Fundi wa pwani akitaja mhimili hakusudii pambo. Hukusudia mti mnene uliowekwa kubeba uzito wa dari, ambao ukioza hapana chokaa itakayoiokoa nyumba. Na kwa kuwa Serikali, Bunge na Mahakama tumezoea kuziita mihimili, naomba idhini yenu nisizihesabu, kwani hesabu hiyo alikwisha kuifanya Montesquieu katika kitabu chake cha 1748, bali nizitazame siku zinapokhitilafiana, maana siku ya amani kila dola hudai kuwa madaraka yake yamegawanywa.

Hata hesabu yenyewe, kwetu Tanzania, si tatu kama tujibuvyo katika mitihani: Ibara ya 4 ya Katiba ya 1977 hutaja vyombo viwili vya utendaji, viwili vya kutoa haki na viwili vya kutunga sheria, kimoja cha Muungano na kimoja cha Zanzibar katika kila jozi. Tena vimefungamana, kwa kuwa Rais ni sehemu ya Bunge, nao mawaziri huteuliwa miongoni mwa wabunge, hata yule asimamaye Dodoma kujibu swali la mwenziwe, jibu likiisha, huketi katika kiti kile kile cha kupigia kura. Wakenya, katika Katiba yao ya 2010, waliikata kamba hiyo, wakakataza waziri kuwa mbunge. Nami, pamoja na kuwastahi, sidhani kuwa mkato huo peke yake ni dawa.

Ilivyo, Wakenya walijulikana zaidi tarehe 1 Septemba 2017, pale Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilipobatilisha, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, uchaguzi wa Rais wa tarehe 8 Agosti. Mahakama ile haina askari wala hazina, ina joho na karatasi tu. Walakini aliyekuwa ametangazwa mshindi, ingawa alinung'unika hadharani, alirejea kwa wapiga kura tarehe 26 Oktoba.

Khitilafu baina ya Rais na Bunge ndiyo inayonishughulisha zaidi. Kenya, Rais akiurudisha muswada na Bunge likaushikilia kwa theluthi mbili, akakaa siku saba bila ya kuutia sahihi, muswada huwa sheria wenyewe. Kwetu, Ibara ya 97 imefuata njia nyingine: muswada uliorudishwa, ukiungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote na kupelekwa tena kabla ya miezi sita kupita, Rais hulazimika kuukubali katika siku 21, ama sivyo alivunje Bunge; na Bunge likivunjwa, kiti chake naye huwa wazi, wote wakarudi kwa raia kuomba upya.

Kwa maandishi, hiyo ni mizani ya haki kabisa, kila upande una la kupoteza. Lakini Rais huenda uchaguzini akiwa mmoja, na wabunge huenda kila mtu na jimbo lake, kila mtu na deni lake la kampeni iliyopita. Na mbunge anayetakiwa kuinua mkono mara ya pili, kabla ya kuuhesabu muswada, huhesabu hilo.