Nani Alimtungia Liyongo? Mjadala Uliofungiwa Ukumbini



Takhmisa ni shairi la mikono miwili. Mtunzi huchukua beti za mtangulizi wake zenye mishororo miwili miwili, akaongeza mitatu juu ya kila jozi, ubeti ukatimia mishororo mitano. Takhmisa ya Liyongo, ambayo Edward Steere aliichapa mwaka 1870 katika kitabu chake cha hadithi za Unguja, imejengwa hivyo. Mapokeo yanasema aliyeongeza ile mitatu ni Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, anayetajwa pia kuwa mtunzi wa utenzi wa Al-Inkishafi. Ile miwili ya asili inasemwa ni ya Fumo Liyongo mwenyewe, shujaa na mshairi wa mapokeo ya Waswahili. Neno hilo “inasemwa” ndilo lililonisimamisha hapa jioni hii.

Liyongo hakutuachia mswada. Hata zama zake zina ubishi: wako wanaomweka kabla ya karne ya 13, na wako wanaomshusha hadi karibu na karne ya 17. Kifungo chake, kijakazi Saada aliyempelekea mkate wenye tupa ndani, sindano ya shaba aliyochomwa kitovuni akafa, yote yametufikia kwa vinywa vya watu, na kwa utendi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Kijumwa alikuwa mshairi, na papo hapo mnakili aliyewaandikia wataalamu wa Ulaya miswada mingi. Mnakili huyo anaishia wapi, mshairi anaanzia wapi? Mwaka 2004 kundi la wataalamu, mshairi Abdilatif Abdalla miongoni mwao, lilichapisha nyimbo za Liyongo huko Köln, na jina la kitabu likakiri kwamba ni tungo anazohusishwa nazo Liyongo. Nawaheshimu kwa uangalifu huo.

Shakespeare naye ana wanaokana kuwa ndiye mtunzi, ingawa kitabu cha tamthilia zake chenye jina lake kipo tangu 1623. Watu hao hurekodi mihadhara ya makongamano yao na kuiweka mtandaoni, popote ulipo ukaisikiliza. Simo katika hoja yao, lakini kwa desturi hiyo wametutangulia. Sisi ambao ushahidi wetu umo vinywani mwa watu, katika makongamano yetu tunajadiliana dakika 20, tunaulizana dakika 10, kisha tunafunga mlango.

Niliwahi kukaa katika kikao ambacho mzee mmoja alisimama mwishoni kueleza kuwa nyanya yake aliuimba wimbo mmoja wa ngoma ya gungu kwa neno tofauti na lililoonyeshwa ukutani. Mwenyekiti akasema muda umekwisha. Hakuna aliyerekodi.

Neno moja katika suala hili si dogo. Mnakili akiandika “njia” mahali ambapo Kiamu, lahaja ya Lamu, kingesema “ndia”, au “macho” badala ya “mato”, ameacha alama ya mkono wake. Msikilizaji wa Siyu au Faza, kisiwani Pate, huitambua alama hiyo mara moja, pengine kabla ya profesa. Lakini ataitambuaje kama mada haikumfikia?

Watafiti vijana huniambia wanaogopa kwamba wakirekodiwa wataibiwa hoja. Rekodi yenye jina na tarehe ndiyo shahidi wao kwamba walitangulia. Ninachokihofia zaidi ni wimbo wa mzee kusambazwa bila ridhaa yake. Huyo aombwe kwanza, na akikataa, basi.

Rekodi hizo tuziweke mtandaoni kwa picha, na pembeni tuweke sauti peke yake, maana bando ni ghali na sauti ni nyepesi. Chini yake zitajwe beti zilizojadiliwa na mswada zilikotoka. Miswada mingi ya Kiswahili iliyoko katika chuo cha SOAS, London, tayari inasomeka mtandaoni, hivyo msikilizaji ataweza kuifungua na kulinganisha.

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, naomba kongamano lijalo la idara yetu lirekodiwe lote, na maswali ya ukumbini yasikatwe.