Akili Unde na Mgawanyo wa Kazi, Mali na Mamlaka

Akili unde ni jina la jumla la mifumo ya kompyuta inayofanya yale ambayo zamani yalihitaji akili ya mtu: kutambua sura katika picha, kutafsiri, kuandika barua, kukadiria kama mkopaji atalipa deni. Mifumo ya leo haiandikiwi kanuni moja baada ya nyingine. Hulishwa mifano kwa mamilioni, ikajitafutia yenyewe mpangilio uliomo. Ili ifanye hivyo huhitaji data nyingi, chipu za bei kubwa zinazokula umeme, na watu wa kuiandaa data hiyo. Data na chipu zina wenyewe, na watu hao wana mwajiri. Umiliki huo, kuliko werevu wa mashine, ndio unaoamua faida itamwendea nani na hasara itamwangukia nani.

Historia ya viwanda vya Uingereza inafaa kutangulizwa, kwa kuwa hutajwa mara nyingi na kusomwa vibaya. Mwaka 1811 mafundi wa kufuma wa Nottinghamshire walianza kuvunja mashine zilizoshusha ujira wao, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kuwanyonga wavunjaji. Husemwa kwamba mafundi wale waliyapinga maendeleo bila sababu, kwani wajukuu wao waliishi vizuri zaidi. Wajukuu, ndiyo. Mwanahistoria wa uchumi Robert Allen ameonyesha kwamba katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19 uzalishaji wa kila mfanyakazi ulipanda ilhali mshahara halisi ulidumaa, na sehemu kubwa ya nyongeza ikawa faida ya wenye mitaji. Mishahara ilikuja kuufuata uzalishaji baadaye, katika kipindi ambacho Bunge liliweka ukomo wa saa kumi za kazi kwa wanawake na vijana viwandani (1847) na kuvitambua kisheria vyama vya wafanyakazi (1871). Wengi walizeeka na kufa kabla neema hiyo haijawafikia.

Kwa zama hizi, Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) lilikadiria Januari 2024 kuwa karibu asilimia 40 ya ajira duniani zitaguswa na akili unde: takriban asilimia 60 katika nchi tajiri na 26 katika nchi maskini. Kuguswa si kufutwa. Nchini Marekani mashine za kutolea fedha zilipoenea, idadi ya makarani wa benki haikupungua kwa miongo kadhaa, maana tawi lilihitaji makarani wachache, gharama ya kulifungua ikashuka, na benki zikafungua matawi mengi zaidi. Hata hivyo asilimia 26 haipaswi kumfariji yeyote. Ni ndogo kwa sababu wengi katika nchi hizo wanalima, wanachuuza na kubeba mizigo, shughuli ambazo mashine ya kuandika barua haiziongezei tija kubwa. Kinachoguswa ni kazi zilezile zilizotegemewa kuwainua vijana wao: uhasibu, uandishi wa programu, tafsiri, huduma ya simu kwa wateja wa ng'ambo, njia waliyopita India na Ufilipino na ambayo Kenya imejitahidi kuifuata. Tena kazi ndogondogo za kuanzia, kama kuandaa rasimu au kupanga hesabu za mwezi, ndizo zinazokabidhiwa mashine kwanza, nazo ndizo zilizokuwa shule ya mwajiriwa mpya. Ofisi isiyowapa vijana kazi hizo leo itamtafuta mhasibu mzoefu baadaye na kumkosa.

Akili unde huzaa kazi vilevile, na namna ya kazi hizo imeonekana wazi Nairobi. Mashine inayojifunza kutambua gari lazima kwanza ionyeshwe magari yaliyozungushiwa mstari na mkono wa mtu. Hazina ya picha iitwayo ImageNet, iliyotangazwa mwaka 2009 na ambayo ilifungua njia ya maendeleo yaliyofuata, ilikusanya zaidi ya picha milioni 14 zilizowekewa majina na watu wa nchi nyingi waliolipwa senti kwa kila kipande cha kazi. Nairobi ina vijana wengi waliosoma, wanaojua Kiingereza vizuri na ambao ajira imewapiga chenga, kwa hiyo kampuni za nje ziliikimbilia. Januari 2023 jarida la TIME la Marekani liliripoti kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama walikuwa wakisoma na kuainisha, kwa ajili ya kampuni ya OpenAI, maandishi yanayosimulia unajisi wa watoto, mauaji na watu kujiua, ili mfumo wake wa ChatGPT ufundishwe kutotoa maneno kama hayo. Kwa mujibu wa ripoti hiyo mfanyakazi alipokea chini ya dola 2 kwa saa, wakati mkataba wa kampuni hizo mbili ulitaja dola 12.50 kwa saa. Ustaarabu wa mashine inayojibu kwa adabu ulinunuliwa, kwa sehemu, kwa usingizi wa watu hao.

Hatua za wafanyakazi wenyewe zina uzito kuliko ripoti hiyo. Kabla yake, mwaka 2022, Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyekuwa akikagua maudhui ya Facebook jijini Nairobi, aliishtaki Sama pamoja na Meta, kampuni inayomiliki Facebook, akidai kazi hiyo ilimjeruhi kiakili. Tarehe 1 Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za aina hiyo walikutana Nairobi na kupiga kura ya kuunda chama chao. Meta ilijitetea kwamba haina makao Kenya na haikuwa mwajiri, hivyo mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba kampuni hiyo inaweza kushtakiwa nchini humo. Uamuzi huo haukumlipa mtu fidia. Uligusa kiini cha biashara hii, ambacho ni mlolongo wa mikataba unaomweka mwenye faida upande mmoja wa bahari na mwenye maumivu upande wa pili, katikati akiwapo wakala. Nchi isiyoweza kumfikisha mwenye faida mbele ya hakimu haina la kufanya juu ya masharti ya kazi, hata sheria zake za ajira ziwe nzuri kiasi gani.

Mali nayo hufuata mlolongo huo. Chipu zinazotumika zaidi kufundishia mifumo mikubwa husanifiwa na Nvidia ya Marekani, huchongwa na TSMC ya Taiwan, kwa mashine za hali ya juu ambazo kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi, inaziunda. Julai 2025 thamani ya Nvidia katika soko la hisa ilifika dola trilioni 4. Thamani ya hisa na pato la mwaka ni vipimo tofauti, lakini kwa kupata picha ya ukubwa, kiasi hicho kinapita pato la mwaka la nchi zote za Afrika zikijumlishwa. Upande wa pili wa mlolongo upo Rubaya, wilayani Masisi, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ambako koltani huchimbwa kwa sululu na mikono. Madini hayo hutoa tantali, inayotumika katika vipuri vidogo vya kutunza chaji ndani ya simu na kompyuta. Aprili 2024 machimbo hayo yaliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza jinsi kundi hilo linavyotoza kodi biashara hiyo.

Kwa hazina za serikali tatizo ni la moja kwa moja. Mshahara hutozwa kodi kabla haujamfikia mwenyewe, ilhali faida ya kampuni ya kidijitali huhamishwa hadi nchi yenye kodi nafuu. Kazi ikihama kutoka kwa karani wa Dar es Salaam kwenda kwenye mfumo uliokodishwa kutoka California, kodi ya mshahara inapotea na malipo ya kukodi yanatoka nchini. Kenya ilianza kutoza asilimia 1.5 ya mapato ya huduma za kidijitali mwaka 2021, na Tanzania asilimia 2 mwaka 2022. Oktoba 2021 Kenya ilikataa kujiunga na makubaliano ya kodi ya kimataifa yaliyosimamiwa na OECD, shirika la nchi tajiri, ambayo yalitaka kodi za namna hiyo ziondolewe. Viwango hivyo vilikuwa vidogo, lakini viliweka msingi kwamba mauzo hutozwa kodi yanakofanyika. Lipo pia wazo la umma kumiliki hisa: jimbo la Alaska nchini Marekani liliunda mfuko wa mafuta mwaka 1976, na tangu 1982 kila mkazi anayestahili hupata gawio lake. Mfuko kama huo unahitaji kitu cha kuujaza, na mafuta ya Alaska yalikuwa ardhini mwa Alaska.

Katika utawala, akili unde ina manufaa yasiyo na ubishi. Mahakama ya Tanzania imeanza kutumia mfumo wa kunukuu mwenendo wa kesi na kutafsiri kati ya Kiswahili na Kiingereza, jambo linalompunguzia hakimu mzigo wa kuandika kwa mkono kila neno la shahidi. Hatari huanza pale mfumo unapoamua juu ya mtu badala ya kumnukuu.

Mfano mzito ni wa Uholanzi. Idara ya kodi ilitumia mfumo uliowapa waombaji wa ruzuku ya malezi ya watoto alama za uwezekano wa udanganyifu, na kutokuwa raia wa Uholanzi kulikuwa miongoni mwa vigezo. Afisa alipokea jina lenye alama kubwa bila kuelezwa sababu. Zaidi ya wazazi 20,000 waliitwa wadanganyifu kwa makosa kama saini iliyosahaulika, wakadaiwa kurejesha ruzuku yote, mara nyingi makumi ya maelfu ya euro. Ndoa zilivunjika, nyumba zikapotea, na Januari 2021 serikali ya Waziri Mkuu Mark Rutte ikajiuzulu. Inadhaniwa kwamba binadamu akiwekwa baada ya mashine, haki imelindwa. Hapa alikuwapo, ila hakuwa na cha kupima. Sheria iliyodai ruzuku yote irejeshwe ilitungwa na watu, na kwa miaka mahakama ziliikubali; mfumo uliipa kasi na kuchagua wa kuanza naye.

Kenya imepita karibu na njia hiyo, kwa upande wa ukusanyaji wa data za watu. Usajili wa Huduma Namba, namba ya utambulisho ya taifa, ulifanyika mwaka 2019, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilitamka kwamba utoaji wa kadi zake ulikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa athari zake kwa data za watu hazikutathminiwa kwanza. Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi kupigwa picha za mboni ili wapate sarafu za kidijitali za Worldcoin zenye thamani ya takriban shilingi 7,000, hadi serikali iliposimamisha zoezi hilo mwezi Agosti. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe. Ridhaa ya mtu asiye na nauli ya kesho ni ridhaa dhaifu, na mahakama ilifanya vyema kutoikubali.

Sheria za kuongoza mambo haya ndiyo kwanza zinajengwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili unde ilianza kuwa na nguvu Agosti 2024, ikitekelezwa kwa awamu. Umoja wa Afrika ulipitisha mkakati wake Julai mwaka huohuo, na Kenya ikazindua wa kwake Machi 2025. Mkakati haumpi raia haki ya kwenda mahakamani. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinampa: mtu aliyeamuliwa na mashine pekee katika jambo linalomgusa kwa uzito anastahili kuarifiwa, na anaweza kudai uamuzi mpya. Ili kifungu hicho kifanye kazi, afisa anayepitia uamuzi lazima aone vigezo vilivyotumika, na mkataba wa kununua mfumo uzuie muuzaji kuvificha kwa jina la siri ya biashara. Mkataba huo husainiwa kabla ya mwananchi wa kwanza kuamuliwa.